Dirisha Linalotazama Ukuta

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu wa kufa na kuzikana, fundi mapazia, na huyo si mtu wa kuzua.

Aliitwa mchana kupima madirisha ya ghorofa jipya, lile baya la vioo vya buluu na nguzo za dhahabu bandia, limekaa kama keki ya harusi iliyosahauliwa juani. Zamani pale palikuwa na nyumba za chini na ua mmoja wa kuanikia nguo. Marehemu shangazi yake alianika hapo, na vibanio vyake alivifunga uzi mwekundu, majirani wasije wakavibeba.

Chumba cha nyuma kilikuwa giza totoro, saa saba ile ya mchana. Akafungua dirisha, akanyoosha mkono, akagusa ukuta wa ghorofa jirani.

"Sasa pazia la nini hapa?" akauliza.

"Fundi, wewe pima tu," mwenye nyumba akajibu kutoka sebuleni.

Akasukuma futi ya chuma nje, apime nafasi iliyobaki. Haikugusa ukuta. Ikaenda, ikaenda, mpaka ikamwishia mkononi. Huko mbele akasikia nguo ikikamuliwa, maji yakamwagika chwaa, kisha ikakung'utwa. Halafu ncha ya futi ikashikwa, taratibu, kama msaidizi anavyokushikia.

"Nani?"

Ikaachiwa. Akaivuta yote ndani. Kwenye ncha kulikuwa na kibanio cha mbao, kimebana barabara. Kilikuwa na uzi mwekundu, na kilikuwa bado kinachuruzika maji.