Maharage Mekundu Ndani ya Spika

Kitu cha kwanza kupotea nyumbani kwa Yongpal kilikuwa mluzi wa birika. Maji yalichemka, mvuke ukatoka, kifuniko kikarukaruka, lakini mluzi wenyewe, hakuna. Deokhi, mkewe, akaliinua birika, akalitikisa, akalichungulia mdomoni.

"Baba Misuk, umelifanya nini birika langu?"

"Mimi fundi spika, mama. Birika linanihusu nini?"

"Kila kinachoharibika humu ndani kinakuhusu wewe."

Yongpal akacheka. Masikini, ndicho kicheko chake cha mwisho cha raha.

Waliishi Daegu, kwenye uchochoro nyuma ya soko. Mbele Deokhi aliuza kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, nyuma mumewe alifufua spika za zamani. Na yule mama alikuwa na sauti, jamani! Akinadi kimchi yake asubuhi, waliomngoja basi barabarani waligeuka. Yongpal alimpenda, hilo halina ubishi, lakini tangu waoane hadi binti yao Misuk akaolewa Busan, neno alilomwambia mara nyingi kuliko yote ni moja: "Nyamaza, nasikiliza." Maana fundi huyu akishaweka santuri hufumba macho, asikie kama spika imepona.

"Spika nzuri," aliwaambia wateja, "ukifumba macho unaapa mwimbaji yuko chumbani."

Sasa ile spika iliyoleta balaa ilitoka kwenye nyumba ya zamani ya chai na muziki iliyokuwa ikibomolewa. Ilikuwa moja tu, ya mbao, refu kama kabati la nguo. Lori lilipofika, Deokhi alisimama mlangoni na ndoo yake ya kabichi, hataki kupisha.

"Leo siku chafu. Mizimu iko njiani. Kitu cha mbao hakiingizwi ndani siku kama hii, tena kitu cha watu tusiowajua."

"Mvua hiyo inakuja. Mbao zikiloa zinavimba."

"Zivimbe! Bora zivimbe mbao."

"Mama Misuk, nipishe bwana."

Akampisha. Mara ngapi mtu anampisha mwenzake ili nyumba iwe na amani?

Spika iliunguruma vizuri, ila twita, ile pembe ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba, ilikuwa imekufa. Yongpal akafungua nyuma, akakitoa kigawa sauti, kile kibao chenye koili na kapasita kinachopeleka besi chini na sauti nyembamba juu. Kapasita zilikuwa zimezeeka, nta imezitoka. Moja, ya kopo la bati, ilikuwa nzito kupita kiasi, na ukiitikisa kitu kinacheza ndani. Akaikata kwa msumeno. Yakamwagika mezani maharage mekundu, makavu.

Nani pale asiyejua maharage mekundu yanazuia nini? Mke wake mwenyewe, kila mwaka, siku ile fupi kuliko zote ya majira ya baridi, hupika uji wake akaupaka kwenye vizingiti ili mizimu isivuke. Yongpal alijua. Lakini akili ya fundi ikiwa kazini haioni kingine. Alishaona mafundi wanaojaza kapasita mpya ndani ya kopo la zamani ili kazi ipendeze, akadhani fundi aliyeitengeneza spika hii alikuwa tapeli, kajaza maharage ili kopo liwe na uzito.

"Mwizi mkubwa wewe!" akasema peke yake, akayatupa nje kwa shomoro. Shomoro walitua, wakayatazama, wakaruka zao. Akaweka kapasita mpya zote, na twita ikafufuka.

Kesho yake birika likakosa mluzi. Kisha kengele ya baiskeli ya mpeleka barua ikawa inagonga bila mlio. Kisha shomoro wakawa wanafungua midomo tu juu ya waya. Yongpal akadhani masikio yamezeeka, akaenda hospitali, wakampima, wakamwambia masikio yako mazima. Na kweli yalikuwa mazima, kwa sababu spika ile ilizidi kuwa tamu kila siku, mpaka ukasikia mwimbaji akivuta pumzi. Harufu tu ndiyo ilikuwa mbaya, ya nta iliyoungua na nywele mbichi.

Mchana mmoja wa mvua, santuri ikizunguka, nyuma ya mwimbaji akasikia birika likipiga mluzi. Akafumbua macho. Akasikia kengele ya baiskeli, akasikia shomoro, wengi, wote mle ndani ya pembe, na nyuma yao kabisa, mbali lakini waziwazi, akasikia mwanamke akinadi: "Kimchi mpya! Njooni, kimchi mpya!"

Akakimbia mbele ya duka. Deokhi alikuwa amesimama mbele ya mabeseni yake, mkono kooni.

"Baba Misuk," akasema, na sauti ilitoka nzito, imefifia, ungedhani anaongelea chini ya blanketi. "Kuna mtu ananivuta ulimi."

"Usiseme kitu. Tulia, mke wangu. Tulia."

"Naogopa."

Hilo ndilo neno la mwisho alilolitoa kinywani mwake. Yongpal akarudi mbio, akazima amplifaya, akang'oa waya wa umeme, akang'oa nyaya za spika moja baada ya nyingine mpaka lile boksi likasimama peke yake katikati ya chumba bila kushikana na kitu chochote duniani, na bado ndani ya twita mkewe alikuwa akinadi kimchi, akicheka, akimgombeza kwa ajili ya birika, maneno ya miaka yote waliyoishi pamoja yakimwagika bila kukatika, huku mwenyewe amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka, mdomo umefumbwa.

Wakamwita mganga, Bibi Okbun, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Alipovuka kizingiti tu akaziba pua.

"Nani aliyafungua maharage?"

"Mimi, Bibi. Nitaivunja, niichome moto!"

"Vunja, umvunje na mkeo aliyemo. Fundi mzima huna akili?" Kisha akashusha sauti, akamshika bega. "Sikiliza, baba. Jaza kopo maharage mapya, uwe tayari kulilehemu mahali pake. Mimi nitamwita huyo mzimu atoe alichokula. Mkeo akisema neno kwa kinywa chake, hapo funga, usikawie. Kabla ya hapo usifunge. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Bibi Okbun akapiga njuga zake, akaimba, akarusha chumvi, akapiga goti, akaanguka kifudifudi akitetemeka. Yongpal alichuchumaa nyuma ya boksi, kichwa ndani, kopo mkono huu na chuma cha kulehemu mkono ule, jasho linamwingia machoni akayafumba, na boksi likaanza kutikisika, na mluzi wa birika ukapita sikioni mwake ukaelekea jikoni, na kengele ikapita, na shomoro wakapita kwa kishindo wakatokea dirishani, na yeye anaomba tu moyoni, bado mmoja, bado mmoja, nirudishie huyo mmoja, na ndipo hapo hapo chumbani, karibu kabisa, yenye joto na pumzi, ikaja sauti ya Deokhi.

"Baba Misuk! Nimerudi! Funga!"

Loo, furaha aliyoipata! Akagusisha risasi ya kulehemu kwenye kopo, ikayeyuka, ikashika. Twita ikanyamaza. Akatoa kichwa akilia na kucheka kwa pamoja.

Deokhi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana, mikono yote miwili ikimpungia asifunge, na ilionekana alikuwa akifanya hivyo muda mrefu. Mdomo wake ulifunguka. Hakikutoka kitu.

Jikoni birika likapiga mluzi.

"Nilikwambia kwa kinywa chake," Bibi Okbun akasema kutoka sakafuni, kwa sauti ndogo sana.

"Nafungua! Nafungua sasa hivi!"

"Ukifungua tena, mzimu huyo hachukui sauti. Anachukua pumzi." Akakusanya njuga zake, hakumtazama mtu, akatoka mvuani.

Yongpal akabaki na kile chuma cha moto mkononi. Deokhi akamshika kichwa kwa upole, akakilaza sikio lake kwenye ubao wa spika, naye akalaza lake, wakatazamana. Ndani, mbali, akamsikia akiita.

"Baba Misuk! Baba Misuk, niko huku!"

Kisha kutoka chini, kwenye ile koni kubwa, ikaja sauti nyingine, nzito, taratibu, ya mtu aliyefumba macho.

"Nyamaza," ikasema. "Nasikiliza."