Nguvu Zote, Mita Arobaini

"Akipandisha nguvu ya sona, mkamate," ilisema sauti ya mkuu wake, Kvam, ndani ya sikio.

Sunniva Bakken, ofisa wa usalama wa Norwei, alinyoosha kikombe chake. Angejibu vipi, na mtu mwenyewe alikuwa mbele yake akimmiminia kahawa?

Eilert. Kaka yake wa tumbo moja.

Boti ya uvuvi ya Eilert iliingia kwenye fyodi, mkono mwembamba wa bahari kati ya milima. Humo, kwenye kina cha mita arobaini, kulikuwa na chombo kilichotegwa na majasusi wa kigeni. Miezi sita kilikuwa kikirekodi milio ya nyambizi za jeshi la Norwei. Sona ya mvuvi, ile mashine ya kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, ikikipigia kwa nguvu zote kwa dakika tatu, kingeibuka, na meli ya kigeni iliyojidai mbovu nyuma ya rasi ingekiokota.

Punguza, kaka, Sunniva aliomba kimoyomoyo. Punguza tu, twende zetu nyumbani.

"Unanikodolea macho ya nini?" Eilert alicheka. "Kula mkate huo wa lefse, karani wa Oslo. Umekonda!"

"Nakula."

Kina kilizidi kupungua: mita hamsini. Arobaini na tano. Arobaini.

Eilert akashika kitufe cha nguvu ya sona.

Akapandisha. Mwisho kabisa.

Kioo cha sona kikajaa madoa matupu, samaki hata mmoja asionekane. Moyo wa Sunniva ulivunjika palepale.

"Utaona nini hapo, kaka?"

"Niachie kazi yangu bwana."

Dakika ya kwanza ikapita.

"Shusha, Eilert."

Aligeuka, akaiona bastola ya Glock mkononi mwa dada yake. Kicheko kikamkauka.

"Kumbe ndio ukarani wenyewe."

"Shusha!"

"Walisema ni kitufe tu, Sunni. Hakuna atakayeumia."

"Ndani ya nyambizi hizo kuna watoto wa watu!"

Dakika ya pili ilikuwa inaisha. Sunniva alimsukuma kwa kiwiko, akashusha nguvu hadi chini kabisa. Madoa yakafutika. Chombo kikabaki kimelala, na juu yake likaonekana kundi zima la samaki.

Wote wawili wakatazama. Mazoea hayana dawa.

"Kundi zuri," alisema Eilert, machozi yakimtiririka.

"Zuri sana."

Boti ya jeshi ilikuwa tayari ubavuni.

Gatini, Kvam alipiga simu.

"Meli imezuiwa. Kazi safi. Ila mahakama itauliza: umeripoti kwamba mvuvi wa kweli hapandishi nguvu kwenye kina kifupi; ulijuaje?"

"Nilifundishwa utotoni."

"Na nani?"

Sunniva alilitazama gari lililombeba Eilert likipinda kona.

"Na mtuhumiwa."

Akakata simu, akafunga zipu ya koti, akaondoka bila kugeuka.