Kura Ambayo Mheshimiwa Hakuipiga

Tangazo rasmi! Wananchi wote, wenye macho na wenye miwani, mnataarifiwa kwamba hii ni hadithi nzito. Ndani yake mna Bunge, mna Sheria, na mna Uchaguzi Mkuu. Kaeni wima. Vueni kofia.

Hadithi inaanzia kwenye kiuno cha suruali.

Kiuno chenyewe kilikuwa cha Mheshimiwa mbunge. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha ushonaji, na Fundi alikuwa amemzungushia tepu.

"Andika thelathini na nane, Mama," Mheshimiwa alisema. Alikuwa amevuta tumbo ndani.

"Pumua kwanza, baba."

Mheshimiwa akapumua. Tepu ikasema arobaini na tatu.

"Hiyo tepu yako ni ya upinzani!"

"Tepu haina chama," Fundi akajibu. Akaandika arobaini na tatu katika daftari lake la vipimo.

Daftari hilo lilijua historia yote ya Mheshimiwa. Uchaguzi wa kwanza, kiuno thelathini na moja: aliangushwa. Uchaguzi wa pili, thelathini na tatu: alipita kwa kura chache. Uchaguzi wa tatu, thelathini na tisa: alipita kwa kishindo. Sasa aligombea mara ya nne. Suti za kampeni zote alizishona Fundi.

Fundi alimpenda mbunge huyu, na alikuwa na sababu. Miaka mitatu iliyopita, mume wake alifariki. Siku ya mazishi Mheshimiwa alikuja. Hakukaa kwenye kiti cha wageni. Alibeba jeneza begani, akalia kama mtoto mdogo. Fundi hakusahau bega lile.

Pembeni, binti wa Fundi alikuwa akishona vifungo. Alikuwa na mimba ya miezi miwili, na alikuwa na hofu. Mkunga wa zahanati yao alifanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa tu. Mtoto wa kwanza wa binti huyu alikuja mwaka juzi, siku ya Jumapili. Zahanati ilikuwa imefungwa. Akazaliwa njiani, juu ya magunia, ndani ya gari la mizigo. Alikaa kimya muda mrefu kabla ya kulia.

"Mheshimiwa," binti akauliza, "na huyu nimzalie kwenye magunia?"

"Hata kidogo, mwanangu! Ule muswada wa wakunga, wa mkunga siku zote saba, mimi niliupigia kura ya ndiyo. Wenzangu ndio waliouangusha. Nirudisheni, nikapigane tena."

Akaaga, akaenda zake. Jirani yao Mkutubi alikuwa kwenye benchi, akisubiri sketi yake. Mama huyu alifanya kazi katika maktaba ya umma. Alizungumza polepole, kama mtu anayefunua kurasa.

"Fundi, kiuno chake umekipima. Maneno yake je?"

"Maneno yanapimwaje, dada?"

"Muswada ni sheria ambayo bado haijapitishwa. Wabunge wanaupigia kura, na Bunge linaandika kila kitu. Vitabu vyake tunavyo maktaba. Mtu yeyote anaruhusiwa kusoma."

"Hata mimi? Nimesoma kisomo cha watu wazima tu."

"Unasoma tepu kila siku. Njoo kesho."

Kesho yake Fundi na binti yake wakaenda. Mkutubi aliweka kitabu kinene mezani, akafungua.

"Siku hiyo waliitwa majina, mmoja mmoja. Kila mbunge alijibu ndiyo au hapana. Angalia jumla. Waliosema ndiyo, mia na nane. Waliosema hapana, mia na nane. Kwa kanuni zao, kura zikilingana, muswada umeanguka."

"Yaani ilikosekana kura moja?"

"Moja tu."

Fundi alipeleka kidole chini ya majina, taratibu. Akalifikia jina la Mheshimiwa. Mbele yake paliandikwa: Hakuwepo.

"Mwongo mkubwa!" binti akasema. "Alikuwa wapi? Amelala?"

Fundi alikuwa akiitazama tarehe iliyo juu ya ukurasa. Aliisoma mara mbili.

"Hakulala," akasema kwa sauti ndogo. "Hii ndiyo siku tuliyomzika baba yako. Mheshimiwa alikuwa amembeba."

Binti akaweka mkono tumboni. Mkutubi akasogeza kiti chake, akaushika mkono wa Fundi.

"Mjukuu wangu alizaliwa kwenye magunia," Fundi akasema, "kwa sababu mimi nilitaka mtu mkubwa aje kunililia?"

"Hapana, dada yangu. Wewe ulikuwa umefiwa. Hukujua kwamba kuna kura. Yeye alijua."

Fundi alifuta macho kwa kitambaa cha kiraka. Kisha akauliza jambo la kifundi. "Je, siku nyingine?"

"Hilo ndilo swali zuri," Mkutubi akasema. "Siku moja haitoshi kumhukumu mtu. Tazama nyingi. Alikuwepo lini? Alisema ndiyo kwa lipi, na hapana kwa lipi? Hata mpinzani wake mpime. Alikuwa diwani, na kumbukumbu za vikao vyao zipo pia."

Wakahesabu. Bunge lilikuwa limepiga kura za majina mara arobaini. Mheshimiwa alikosa mara kumi na tisa. Fundi akatoa daftari lake la oda. Kila nguo ilikuwa na tarehe. Gauni la harusi ya mtoto wa mwokaji: Mheshimiwa hakuwepo bungeni. Sare za mazishi ya mama wa kinyozi: hakuwepo. Siku kumi na moja kati ya zile kumi na tisa zilikuwa harusi na mazishi ya mtaa wao.

"Tulimwita sisi," Fundi akasema. "Na asipokuja, tunamsema wiki nzima."

"Na zile nane zilizobaki, mama?" binti akauliza.

"Hizo atajibu mwenyewe."

Siku ya tatu Mheshimiwa alikuja kuijaribu suti. Fundi akampiga pini kiunoni, mapajani na kwenye mikono. Mheshimiwa hakuweza kuinama wala kukimbia. Hapo ndipo Fundi alipoanza mazungumzo.

"Baba, ule muswada wa wakunga ulisema ndiyo?"

"Kabisa!"

"Kitabu kinasema hukuwepo."

Mheshimiwa akataka kugeuka. Pini ikamkumbusha asigeuke.

"Mama! Wewe wa kuniuliza hilo? Siku ile nilikuwa wapi? Si nilikuwa hapa, nimembeba mzee?"

"Ulikuwa hapa. Nilishukuru, na bado nashukuru. Kwa nini basi ulituambia ulisema ndiyo?"

Mheshimiwa alitazama sakafu yenye vipande vya nyuzi. "Nilidhani utapita bila mimi," akasema. "Ulipoanguka, niliona aibu. Na nisingekuja mazishini, si mngesema nina majivuno?"

"Tungesema. Tena kwa sauti. Lakini jeneza lile angeweza kulibeba jirani yeyote. Kura yako hakuna mwingine wa kuipiga." Fundi akachomeka pini nyingine. "Siku nikifa mimi, mwanangu, kama kuna kura, usije. Kapige kura. Mimi nitakuelewa."

Macho ya Mheshimiwa yalilowa. Mikono ilikuwa imejaa pini, kwa hiyo Fundi ndiye aliyemfuta machozi.

Wiki iliyofuata wagombea wote wawili waliitwa ukumbini. Fundi alisimama na karatasi yake. Alimwuliza diwani kuhusu vikao alivyokosa. Alimwuliza Mheshimiwa kuhusu zile siku nane. Mheshimiwa alikiri kwamba tano alikuwa safarini kwa mambo yake, na tatu hazikumbuki. Watu walimzomea. Kisha akasema mbele yao, "Na ule muswada wa wakunga sikuupigia kura. Niliwadanganya. Mkinirudisha, nitauleta tena." Diwani naye akaahidi hivyo hivyo. Mkutubi akaandika ahadi zote mbili, na tarehe.

Mheshimiwa akapita, kwa kura chache kama zamani. Akauleta muswada.

Siku ya kura ilikuwa siku ya harusi ya kinyozi. Kiti cha Mheshimiwa kilikuwa kitupu. Mjomba wa kinyozi akaanza, "Mtu mwenyewe ana majivuno!"

"Yuko kazini," Fundi akamkatiza. "Fungua redio."

Muziki ukazimwa. Bwana harusi na bibi harusi wakasogea karibu na redio kama watu wengine. Majina yakasomwa. Jina la Mheshimiwa likasomwa.

"Ndiyo," ikasema sauti wanayoijua.

Harusi nzima ikapiga vigelegele. Muswada ukapita kwa kura sita.

Mkunga wa pili alifika mimba ya binti ikiwa na miezi minane. Mtoto naye akachagua Jumapili, kama kaka yake. Safari hii mlango wa zahanati ulikuwa wazi, na shuka lilikuwa safi. Mtoto alilia mara moja, kwa hasira. Fundi akamzungushia tepu kichwani kabla hata ya kumbusu.

Hapa mwandishi alikuwa ameandika pia Fundi alimpigia kura nani. Ilikuwa sentensi nzuri sana, yenye maneno makubwa. Fundi aliposomewa, akasimamisha cherehani.

"Nani alikuambia hayo?"

"Nilikisia, Mama."

"Uliingia nami kwenye chumba cha kura?"

"Hapana, Mama."

"Basi?"

Mwandishi anakiri mbele ya wasomaji wote: hajui, hakuona, alitunga. Mbunge anapotupigia kura bungeni, tuna haki ya kujua alisema nini, kwa sababu kura ile ni yetu. Kura ya Fundi ni yake peke yake. Sentensi imefutwa.