Mashini Ni ya Nani?

Mwaka wa 1953, mu Kongo ya Babeleji, mu site moja ya bantu beusi ya Élisabethville, Adolphine alikuwa mushonaji. Alishona marinda ya bamama na suruali ya batoto ba masomo. Bwana yake, Clément, alitumika kazi ku treni, na ile juma alikuwa safarini.

Siku moja mashini yake ikakataa kushona. Adolphine akaitia ku kichwa, akaipeleka kwa mutengenezaji, kule mujini kwa bazungu. Ikapona. Wakati wa kurudi, polisi akamusimamisha mbele ya duka.

— Mama, simama! Mashini ya nani?

— Yangu.

— Mwanamuke mweusi njo iko na mashini? Buku ya bwana yako, kitambulisho yake, iko wapi?

— Iko mu mufuko wa bwana yangu. Na bwana yangu iko mu treni.

— Basi umeiba. Leta!

Pale pale Madame mumoja muzungu akatoka mu ile duka. Boyi wake alibeba mashini ya namna moja. Polisi akapiga saluti. Adolphine alikuwa mutu wa kupenda kujua.

— Tata polisi, yule mbona haumuulize buku ya bwana yake?

— Yule ni Madame.

— Mie pia ni Madame. Padri mwenyewe alitufungisha ndoa.

— Kinywa yako ni murefu!

Polisi akapeleka mashini ku posti ya polisi. Hakuandika hata karatasi. Adolphine aliangalia namba ku kifua ya polisi: 47. Akaisema njia yote, asiisahau.

Jirani yake, Donat, alikuwa karani ku tribunali, kule banakata mashauri. Bantu balisema analala na kravati shingoni.

— Yaya Donat, polisi namba 47 amechukua mashini yangu. Enda weye. Weye batakusikia.

Donat akaenda. Komisera, muzungu mukubwa wa polisi, akamupa kiti. Saa moja ilipopita, Donat akarudi na mashini ku kinga, baiskeli yake, na karatasi. Bamama bakapiga vigelegele. Lakini Adolphine alijua kusoma. Akasoma: «Mashini imerudishwa kwa mwenyewe, Monsieur Donat.»

— Yaya, kumbe ni yako?

Donat akacheka. Kisha akaacha kucheka.

— Komisera hakuniuliza kitu. Aliona kravati tu.

Virginie, bibi ya Donat, akamuambia bwana yake:

— Basi ikala chini, mushonaji! Nataka rinda ya maua.

— Polisi mwengine akinisimamisha kesho? Adolphine akauliza. Karatasi inasema mie ni mwizi wa Donat!

— Ni kosa yetu, Donat akajibu. Sikia. Polisi iko na haki ya kuuliza. Lakini akichukua kitu, aandike karatasi: kitu gani, siku gani, amekitoa mu mikono ya nani. Ile karatasi, uiombe pale pale. Shika namba yake, tafuta shahidi. Na karatasi ya duka, ile ulipewa wakati wa kununua mashini, iko?

— Iko.

— Iko na namba. Namba ile ile iko chini ya mashini.

— Na sheria ya kusema mashini ni ya mwanaume tu?

— Ile sijaiona mu kitabu yoyote. Ni mazoea tu. Kesho tunaenda, lakini weye njo utasema.

Kesho yake, ku posti, Komisera alisema na Donat tu. Donat akaangalia dari.

— Bwana Komisera, uliza mama.

Adolphine akatia karatasi ya duka ku meza. Akapindua mashini. Komisera akasoma namba mbili zile. Zilikuwa sawa.

— Jina ya bwana yako? akauliza, kalamu mu mukono.

— Clément. Lakini yeye hajui hata kutia uzi mu sindano. Mie njo nilinunua, mie njo nashona.

Komisera akaandika: «Madame Adolphine Kunda.»

Tangu siku ile, bamama majirani ba avenue balichunga karatasi zabo mu sanduku. Vitu vingi vilivyochukuliwa na polisi vilirudi nyumbani. Bamadame bazungu, bao, hakuna polisi aliyebauliza kitu. Adolphine aliendelea kuuliza sababu.

Clément aliporudi, alisoma karatasi mara mbili.

— Jina yangu haimo?

— Haimo.

— Sasa suruali yangu ikipasuka, niombe nani?

— Niombe mie, Adolphine akasema. Polepole, na heshima.