Kamba Isiyofungwa Fundo

Nepi zilikuwa zimekauka, kamba ndiyo iliyokuwa ikidondosha maji.

Chinatsu alisimama katikati ya chumba, mtoto begani, akatazama tone likitoka kwenye kamba na kuanguka juu ya mkeka, halafu jingine, na nepi kumi na mbili zimening'inia kwenye kamba hiyohiyo, zimekakamaa kama dagaa wa juani. Akapapasa moja. Kavu. Akagusa kamba, akaurudisha mkono haraka. Ilikuwa na uvuguvugu, kama nguo iliyovuliwa mwilini mwa mtu sasa hivi.

Ilikuwa siku ya kumi na moja ya mvua, ile mvua ya mwezi wa sita inayoifanya Kanazawa nzima inuke ukungu na viatu. Mumewe, Tomohide, alikuwa Osaka kwa siku nne, kufundisha sanaa yake ya kufunga watu kwa kamba. Mtoto, Sayo, wa miezi mitano, alikuwa anaharisha. Kamba ya plastiki ya kuanikia ilikuwa imekatika jana yake. Sasa mtu afanye nini?

Nyumba hiyo ilikuwa na kamba nyingi kuliko vijiko. Lakini zile za kazi haziguswi. Tomohide huzichemsha mwenyewe, huzipitisha juu ya moto kuunguza vinyuzi vilivyochomoza, huzipaka mafuta, kwa sababu zinalala juu ya ngozi za watu. Wanakuja watu wazima, muuza samaki, mwalimu wa hesabu, mke na mume, wanakubaliana kwanza kwa maneno, halafu wanafungwa kwa ustadi mpaka mwili unakuwa kama mchoro, mkasi uko karibu, na kila mara Tomohide anauliza kwa sauti ya chini, "Vidole vinahisi?" Basi Chinatsu akaziacha hizo, akachukua ile nyeusi, ya katani, ya mababu, iliyokaa kwenye kishubaka miaka yote bila kazi. Ncha moja akaizungusha kwenye kigingi cha ukutani, ya pili akaifunga kwenye nguzo. Fundo moja tu, la kukaza, fundo la mama mwenye mikono miwili na kazi sita.

Aliambiwa siku alipoletwa nyumbani humo: hiyo usiifunge fundo. Ila siku ya kuolewa mtu huambiwa mengi, usipige mluzi usiku, usisimamishe vijiti vya kulia kwenye wali, na yote yalikuwa yameingia sikio moja yakatokea la pili.

Alipombadilisha Sayo ndipo alipoona. Mapajani na tumboni mwa mtoto kulikuwa na mistari myekundu, imepishana, imeacha vyumba vidogo vyenye pembe nne. Joto tu, alijiambia. Daktari wa mtaani naye akasema joto, akampa mafuta. Lakini Chinatsu aliujua mchoro ule, umechorwa kwenye ukuta wa darasa la mumewe, na nepi haiachi alama kama hiyo, hata ukiikaza vipi.

Tomohide alipopiga simu akauliza kama paa linavuja. Akamjibu hapana, wote wazima, Sayo anacheza. Aliona aibu. Akasema moyoni, nitaifungua kabla hajarudi, nani atajua.

Akaanua nepi zote, lakini fundo likakataa. Alilivuta kwa kucha, akalichokoa kwa kijiti cha kulia, akaliuma kwa meno, na mdomoni kukabaki ladha ya chumvi, kama machozi. Akaleta mkasi. Mkasi ukateleza juu ya kamba kama juu ya chuma, na kamba ikalia, kriii, kama zinavyolia zile za kazi pale juu darasani zikibeba mtu mzima, wakati hapa haikuwa imebeba hata nepi moja.

Na harufu. Majani yaliyoungua, na jasho la mtu aliyeogopa.

Siku iliyofuata, mchana, mvua bado, alijilaza kando ya Sayo apumzike dakika tano, macho yakafumba, na alipoyafumbua mikono haikuja, akataka kunyanyua kidole hakikunyanyuka, akataka kuita sauti haikutoka, kifua kimebanwa kutoka kwapa hadi kwapa kama mtu anayeviringishwa taratibu na mikono asiyoiona, na upande wa miguuni pake, pale mkeka unapokutana na ukuta, kulikuwa na mwanamke amepiga magoti amewapa kisogo, nywele zimelowa, mikono imekunjwa nyuma ya mgongo juu sana, juu kuliko mkono wa mtu unavyoweza kufika, na maji yanamtoka na kuingia kwenye mkeka bila kuacha doa, na Chinatsu akamsikia Sayo akivuta pumzi fupi, fupi, fupi zaidi, asiweze hata kumgeukia.

"Nani amehukumiwa?" mwanamke aliuliza ukuta.

Sayo akalia, na kamba zisizoonekana zikaachia.

Chinatsu alimbeba mtoto akatoka bila mwavuli, nyumba ya tatu, kwa Bibi Yaeko. Huyu alikuwa na miaka sabini na mbili, na arobaini kati ya hiyo alikuwa yeye ndiye anayefungwa, mbele ya watu, na walimu watatu, wawili sasa marehemu. Kamba alizijua kutoka ndani. Alimtazama Chinatsu anavyotiririka maji mlangoni, akamuuliza kama leo amekuja kuoga. Halafu akafunua nguo ya mtoto, na mzaha ukamwisha.

"Umeifunga ile nyeusi," alisema.

Chinatsu akaitikia kwa kichwa.

"Na mumeo hujamwambia. Mficha uchi hazai, binti, na wewe umeshazaa, unaficha nini?"

Akamweleza huku akivaa viatu. Babu wa babu yake Tomohide alikuwa mkamataji, askari wa kuwafunga washukiwa, zama za mabwana wenye panga. Wakamataji walikuwa na mwiko wao: mtu asiyehukumiwa unamzungushia kamba, unashika ncha mkononi, hupigi fundo. Fundo ndiyo hukumu. Ukimpiga mtu fundo kabla ya hakimu kusema, umemtia aibu yeye na nyumba yake yote. Sasa kulikuwa na mwanamke, alishukiwa kuchoma ghala. Mvua ilikuwa inanyesha kama hii, babu yule alichoka kushika ncha, akaifunga kwenye nguzo, mara moja tu, akaenda kunywa chai. Na katani ikilowa hujikaza yenyewe.

"Aliporudi?" Chinatsu aliuliza.

"Aliporudi hakukuwa na wa kumpeleka kwa hakimu. Na mchoma ghala alikuwa mtu mwingine." Bibi Yaeko alifungua mwavuli. "Tangu hapo mwanamke yule anauliza fundo lake lilikuwa la kesi gani. Nawe umelipiga tena, ukatundika juu yake nguo za nani?"

Za Sayo. Zote kumi na mbili.

Ndani, Bibi Yaeko alimlaza mtoto kwenye mto, akamwaga chumvi ya kutakasa kizingitini, akamwambia Chinatsu akae mgongo kwenye nguzo, fundo karibu na viganja vyake. Fundo hilo, alisema, litafunguliwa na mkono uliolifunga, na mwenye mkono awe ndani ya kamba kwa hiari yake. Mikono yake mizee ikaitoa ile kamba kwenye kigingi, ikaizungusha juu ya kifua cha Chinatsu, chini yake, nyuma, mbele, bila kukosea, ikimwachia viganja tu. Hakupiga fundo hata moja. Ncha akaishika.

"Vidole vinahisi?"

"Vinahisi."

"Anza."

Chinatsu akaweka kucha kwenye fundo, na hapohapo kamba ikajivuta, Bibi Yaeko hajaivuta, ikajivuta yenyewe, ikalia, mbavu zikasogeleana, harufu ya majani yaliyoungua ikamjaa kooni, na nyuma ya nguzo akamsikia mtu mwingine akihema, mgongo kwa mgongo naye, nywele zilizolowa zikamgusa shingo, na Sayo kwenye mto akanyamaza, kimya kile kibaya ambacho kila mama anakijua, na Bibi Yaeko akiuliza vidole, vidole, na yeye havihisi tena lakini anachokoa, anachokoa, damu kwenye kucha.

"Nani amehukumiwa?" ikauliza sauti sikioni.

"Mimi ndiye niliyefunga," Chinatsu alisema, kwa pumzi ya mwisho. "Wewe hukuwa na kesi. Mtoto wangu hana kesi."

Fundo likalegea kama kitu kilichokufa. Kamba ikamdondokea mapajani, kavu, nyepesi, baridi. Sayo akapiga chafya.

Tomohide aliporudi aliambiwa yote. Hakugomba. Aliipigia magoti ile kamba, akaomba radhi kwa niaba ya babu yake, akairudisha kishubakani. Alama za Sayo zikafifia siku ya tatu. Mvua ikakatika, jua la mwezi wa saba likaja, Chinatsu akaanika nje, kwenye kamba mpya ya plastiki, akiimba.

Asubuhi moja mama mkwe alikuja kumwona mjukuu, akaomba akione na kitovu chake, kile kipande kilichodondoka akiwa na siku nane, ambacho Chinatsu alikihifadhi kwenye kijisanduku chake cha mti kama mama yeyote wa huko. Chinatsu akapanda ghorofani kukichukua. Alikuwa akitabasamu alipoondoa kifuniko, akafunua pamba.

Kitovu kilipokatika kilikuwa kimenyooka, kifupi kama njiti ya kiberiti. Alikiweka kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa kilikuwa kimepigwa fundo. Moja tu, dogo, la kukaza, kama lile alilolipiga kwenye nguzo, nacho kikavu kiasi kwamba kucha ikikigusa tu kitavunjika. Pamba chini yake ilikuwa imelowa.

Hapo chini mama mkwe alikuwa akicheka na mtoto. Halafu kicheko kikakatika.

"Chinatsu," aliita, polepole. "Mbona vidole vya huyu ni vya baridi?"