Perere wa Loliondo Mkongwe

Kila alfajiri Letisia alichota maji kwenye chemchemi iliyokuwa ukingoni mwa msitu, kwenye mteremko wa mlima Hanang. Huko chini, kadiri macho yalivyofika, yalitanda mashamba ya ngano ya serikali. Zamani huko nako kulikuwa na miti.

Wiki hiyo baba yake, Mzee Sulle, alikuwa akinoa shoka. Fisi walikuwa wamevunja zizi na kumla ndama. Karibu na chemchemi ulisimama mti mnene uitwao loliondo, nao ungetosha nguzo zote za zizi jipya.

"Baba, mti ule una tundu," Letisia alisema. "Bwana Miti alitufundisha shuleni kuwa perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayefanana na pimbi, hulala kwenye matundu kama yale. Alisema wamebaki wachache sana."

"Umemwona huyo perere?"

Letisia alitamani kujibu ndiyo. "Sijamwona, baba. Nimeona mavi mapya shinani."

Mzee Sulle alijaribu makali ya shoka kwa kidole. "Haya. Nitangoja hadi Jumamosi. Fisi hawangoji."

Basi kila alfajiri Letisia alitua ndoo, akajikunyata kwenye umande, macho yake tunduni. Baridi ilimng'ata vidole. Mnyama hakutokea. Ijumaa jioni alimweleza baba yake yaleyale: mavi mapya yapo, mwenyewe hajaonekana.

Jumamosi walikwenda pamoja, shoka begani mwa baba. "Tukae kidogo," alisema Mzee Sulle.

Jua lilipogusa shina, pua nyeusi ilichungulia. Kisha akatoka mnyama wa manyoya mazito, mwenye baka jeupe mgongoni, akajilaza tawini kuota jua. Nyuma yake akatambaa mtoto wa kuenea viganjani, akampanda mama yake mgongoni, akatulia. Letisia alisahau baridi. Alisahau hata kupumua.

Mzee Sulle aliteremsha shoka polepole, akalilaza majanini lisitoe sauti.

"Nimepita hapa tangu ujana wangu," alinong'ona, "na sikuwahi kujua."

Walikwenda moja kwa moja kwa Bwana Miti, Gervasi, mtumishi wa idara ya misitu.

"Shikamoo, Bwana Miti," Letisia alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo?"

Aliposikia habari yao, Gervasi aliwapa nguzo za mikaratusi iliyopandwa kwa matumizi ya kijiji. Naye Mzee Sulle alitoa mizinga yake mikuukuu isiyo na nyuki, wakaitundika kwenye miti michanga isiyo na matundu, ili perere wapate pa kulala. Kila wiki Letisia na wanafunzi wenzake, pamoja na Gervasi, walikagua chini ya kila mzinga. Mvua zilipoanza, chini ya mzinga mmoja walikuta mavi mapya ya perere.

Wanafunzi walishangilia kimyakimya, viganja midomoni. Gervasi akamgeukia Letisia.

"Ungesema umemwona kabla hujamwona, tungekuwa tumejenga juu ya uongo," alisema. "Anayetaka kulinda kiumbe hukitazama kwa subira, kisha husema alichokiona, si alichokitamani."