Bunduki ya Arvo Haikupata Joto

Jioni ile ya Agosti nilikuwa nampelekea mdogo wangu Arvo mikate ya nyama na viazi. Nilikuwa nimeifunga kwenye taulo isipoe. Kwake ni ng'ambo ya kilima tu, ile nyumba ya mbao aliyotuachia baba, karibu na mgodi wa shaba uliofungwa zamani. Jua lilikuwa linazamia ziwani. Joto lilikuwa la kumfanya mtu atamani kuvua ngozi. Huku kaskazini mwa Michigan tunalipata wiki chache tu kwa mwaka, na hatujawahi kulizoea.

Arvo alikuwa fundi wa malori, mjane, mtu wa kucheka. Serikali huwauzia raia bunduki kuukuu za jeshi zilizobaki maghalani, na yeye, baada ya kusubiri sana na jina lake kupekuliwa, alikuwa amepata yake. Ilipigana vita vya Korea. Gari la vifurushi lilimletea mpaka mlangoni, kama mtu aliyeagiza viatu.

"Dada, njoo umwone bibi harusi wangu," aliniambia kwenye simu siku ilipofika.

"Bibi harusi wa chuma? Kweli umeishiwa, wewe."

"Ana kasoro moja tu. Hapati joto. Nimemwanika juani kutwa ili yale mafuta waliyompaka ghalani yayeyuke... bado wa baridi."

Nilicheka, nikakata simu.

Sasa nilikuwa nimefika kibarazani kwake, na kicheko sikuwa nacho. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya mashine. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Ukizaliwa huku, unaijua harufu ya theluji kabla haijaanguka.

Theluji. Agosti.

Kioo cha dirisha kilikuwa kimeota barafu kwa ndani.

"Arvo?"

Nikasukuma mlango. Pumzi yangu ikatoka kama moshi.

Alikuwa ameketi mbele ya jiko la kuni, bunduki mapajani, mikono yote miwili imeishika. Jiko lilikuwa linawaka. Niliuona moto ukicheza, lakini ulikuwa kama moto wa kwenye picha. Haukunifikia.

"Funga mlango, Dada," alinong'ona bila kugeuka. "Anaona baridi."

"Nani?"

"Mwenyewe."

Ndipo nikasikia.

Kru... kru... kru...

Ni sauti ninayoijua tangu utotoni: buti zikikanyaga theluji ngumu. Lakini ilitoka ndani ya chumba, kwenye sakafu ya mbao, nyuma ya kiti cha Arvo. Sikuona mtu. Niliona mbao zikilemewa kidogo, moja baada ya nyingine.

"Iache hiyo bunduki, twende zetu."

"Siwezi."

"Arvo, iache!"

"Nimesema siwezi! Tazama."

Nikatazama. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama nta, na ngozi ilikuwa imegandia chuma. Mikate ikanitoka mikononi. Nikaikamata bunduki kwa mtutu na kuvuta. Iliniunguza kwa baridi. Nilipoachia, kipande cha ngozi ya kiganja changu kilibaki pale. Nikakimbilia birika lililokuwa juu ya jiko, nimwagie maji ya moto. Nililipindua juu ya mikono yake.

Halikutoa hata tone. Ndani kulikuwa na barafu tupu.

Nikarudi kuvuta, safari hii vidole vyenyewe, kimoja kimoja. Mdogo wangu akafungua kinywa.

"Tafadhali... msivunje."

Haikuwa sauti ya Arvo. Ilikuwa ya kijana, meno yakigongana.

"Msivunje. Bado niko hai. Jamani... bado niko hai."

Kru.

Ilikuwa kando yangu. Kitu kikanipumulia shingoni, na pumzi ile haikuwa na joto lolote.

Nilipiga simu ya dharura. Kisha nikapiga magoti, nikamkumbatia Arvo pamoja na ile bunduki, nikampa joto lote nililokuwa nalo mwilini. Halikutosha. Nilimsikia akipungua mikononi mwangu, taratibu, kama redio inayoishiwa betri, na hapakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kumwita jina. Wahudumu walipoingia, chumba kilikuwa na joto la Agosti tena, na bunduki ilimtoka mikononi yenyewe.

Daktari alisema moyo. Nilimwuliza kuhusu barafu niliyoiona kwenye kope za Arvo. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia nikapumzike.

Mzee mmoja tu aliniamini. Waino Kangas alipigana Korea. Siku hizi yuko kwenye nyumba ya wazee. Alinisikiliza akiwa ameficha mikono chini ya blanketi.

"Kule milimani bunduki zilikuwa hazitoshi," alisema. "Waliokufa kwa baridi walikuwa wamezishikilia. Hazikutoka bila kuvunja vidole. Tukavunja."

"Na mlijuaje kwamba wamekufa?"

Mzee Waino akageukia ukutani.

Nilitaka kuikata bunduki ile kwa msumeno, niitupe mgodini. Lakini sheria haikuniruhusu. Mrithi ni Reino, mwanawe Arvo, na alikuja kuichukua baada ya mazishi. Nilimshika mkono pale uani.

"Mwanangu, nakuomba. Nakuomba kwa jina la baba yako."

"Shangazi, ni chuma na mti tu. Ndiyo kumbukumbu pekee aliyoniachia."

"Ndiyo iliyomuua!"

Alinikumbatia kama mtu anavyomkumbatia mgonjwa. Kisha akaibeba mpaka kwenye gari, akainama kuilaza kwenye buti. Akachelewa kuinuka.

"Reino?"

"Si kitu," alisema, akicheka kidogo. "Imening'ang'ania."

Akajinasua. Alikung'uta mkono, akaupulizia pumzi, akaingia nyuma ya usukani. Nilikimbilia gari na viatu vya ndani, nikigonga kioo. Alinipungia, akaondoa gari.

Kwake Wisconsin si mbali. Mtu hufika kabla jua halijazama. Nimekuwa nikimpigia tangu jana. Simu inapokelewa kila mara. Nasema, "Reino, mwanangu, ni mimi."

Nasikia meno tu, yakigongana.